Namba ni nusu ya bei

Ndugu wasikilizaji, mmoja wenu ameniandikia kwamba shemeji yake anayeishi Marekani ameoneshwa darubini ya bunduki ya Kijapani, ya Vita Kuu ya Pili, akaambiwa akiinunua atatajirika. Anauliza kama ni kweli. Mimi ni mtu wa redio, si mfanyabiashara wa silaha, lakini swali hili nimelifuatilia kwa sababu linatuhusu kuliko tunavyodhani.

Tuanze na kitu chenyewe. Mwaka 1937 jeshi la Japani lilipitisha bunduki ya walenga shabaha iitwayo Type 97, ya risasi za milimita 6.5. Ikafuata Type 99, ya milimita 7.7. Darubini za mwanzo zilikuza mara mbili na nusu, na baadhi ya zilizokuja baadaye mara nne. Zilifungwa ubavuni, upande wa kushoto wa bunduki, ili askari aweze kushindilia risasi tano kwa mkupuo kutoka juu bila kuzuiwa. Ukioneshwa darubini isiyo na kishikio cha ubavuni, ukaambiwa ni ya Kijapani, shika kwanza pesa yako.

Tazama maandishi yake. Kwenye zile za mwanzo utasoma "2.5 x 10°", yaani ukuzaji na upana wa eneo linaloonekana, kisha alama ya kiwanda na namba. Miongoni mwa watengenezaji ni Nippon Kogaku, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1917 na ambayo tangu 1988 inaitwa Nikon. Ndiyo hiyo hiyo ambayo wapigapicha wetu wa magazeti wamening'iniza kamera zake shingoni miaka nenda miaka rudi.

Sasa namba. Nyingi kati ya darubini hizi askari hakuweza kuzirekebisha. Fundi aliilinganisha darubini na bunduki moja tu huko karakanani, kisha namba ya bunduki ikagongwa kwenye darubini. Zikawa mume na mke. Vita vilipokwisha mwaka 1945, askari wa Marekani walirudi kwao na kumbukumbu za ushindi: huyu bunduki, yule darubini. Ndoa nyingi zikavunjika.

Leo darubini peke yake huuzwa kwa mamia ya dola, na iliyo nzima huweza kupita elfu moja. Ikiwa na bunduki yake, namba zikilingana, bei hufika dola elfu kadhaa. Mfuko wake wa asili na kipira cha jichoni huongeza thamani, ila vipira vipya navyo hutengenezwa, kwa hiyo macho yafanye kazi. Tena isisuguliwe ing'ae. Rangi ya asili ikitoka, bei hutoka nayo. Basi shemeji anunue akipenda, baada ya kusoma namba. Utajiri asiutarajie.

Na sisi tunaingiaje? Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, waliteremka bonde la Kabaw huko Burma, nchi ambayo leo ni Myanmar. Walitembea katika mvua na matope hadi wakaingia Kalewa mwezi Desemba. Mjapani aliwasubiri msituni na juu ya miti, na risasi ile ya milimita 6.5 ilitoa moto na moshi kidogo sana. Mtu alianguka, wenzake wasijue imetoka wapi. Katika makaburi ya Taukkyan, karibu na Yangon, nguzo zimeandikwa majina ya watu karibu 27,000 wasiojulikana walikozikwa. Waafrika wamo.

Kila askari wa Keya naye alikuwa na namba. Wakusanyaji wa Marekani wanakesha kuitafutia darubini bunduki yake. Sisi ni wangapi tunaojua namba ya babu? Nyota ya Burma, ile medali waliyopewa, Waingereza waliitoa bila kuchora jina la mwenyewe. Ikiachana na cheti cha kuachishwa jeshi, imebaki kipande cha chuma. Hakuna awezaye kusema ilikuwa ya nani, wala mzee huyo alipigana wapi. Na vyeti hivyo, jamani, tumewaachia mchwa, na medali tumewaachia watoto wazichezee.

Fungueni masanduku ya wazee. Cheti kipigwe picha, kiwekwe pakavu pamoja na medali yake. Nyuma ya picha andikeni jina, namba, kikosi na kijiji. Na wajukuu waoneshwe kilipo, ili sanduku likigawanywa siku ya mirathi, viwili hivyo visiende nyumba tofauti.

Hadi juma lijalo, kwaherini.