Mchukuzi wa Joto: Mazungumzo juu ya Mashine za Kupozea



Miaka michache iliyopita mzee mmoja, jirani yetu upande wa Njombe, alitujia jioni na karatasi mkononi, akataka tumsomee. Karatasi ile ilisema kwamba maparachichi yake, yaliyopakiwa Makambako katika kontena la baridi kwa mapatano ya kulipwa yakifika, yalifika ng'ambo yakiwa yamelainika, na kwa hiyo hapati kitu. Yalikuwa mavuno ya mwaka mzima, na karo ya watoto ilikuwa humo. Mzee akanyamaza kitambo, kisha akauliza: "Mwalimu, sisi huku twalala na mablanketi matatu, na mwezi wa Juni majani huamka meupe kwa sakitu. Hiyo baridi ya mashine ni baridi gani, hata ikashindwa na parachichi?"

Swali lile halikuwa la kuchekwa. Hata wanafunzi wetu wa ualimu wengi hudhani kwamba jokofu hutengeneza baridi kama kinu kinavyotoa unga. Sivyo. Baridi ni upungufu wa joto tu, na mashine ni mchukuzi: hulibeba joto lililo ndani, likaenda kulitua nje. Ukilishika hili, mengine yote yatafuata.

Lakini joto hubebwaje? Kumbukeni siku mliyopigwa sindano. Mwuguzi alipangusa ngozi kwa spiriti, nanyi mkasikia baridi, ijapokuwa chupa ya spiriti ilikuwa mezani tu. Kila kioevu kinapogeuka kuwa mvuke hula joto la kitu kilicho karibu nacho. Spiriti ilikula joto la mkono wenu. Maji ya mtungini hupoa kwa njia iyo hiyo.

Jambo la pili mama zetu wa Njombe walijua zamani jikoni. Mji wetu uko juu ya bahari kadiri ya mita 2,000, na hewa huku ni nyepesi. Maji huchemka kwenye digrii 93 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Ndiyo maana maharagwe huku hutaka kuni nyingi. Maana yake ni hii: mkandamizo ukipungua, kioevu huchemka kwa joto dogo, mkandamizo ukizidi, hutaka joto kubwa. Mashine nzima ya kupozea imejengwa juu ya jambo hilo.

Ndani ya mabomba yake mna gesi maalumu. Mojawapo, ambayo mafundi huiita R134a, huchemka kwenye digrii 26 chini ya sifuri ikiwa katika mkandamizo wa hewa ya pwani. Gesi hiyo huzunguka bila kutoka nje. Kompresa, ile inayonguruma, huuvuta mvuke na kuubana kwa nguvu, nao mvuke uliobanwa huwa wa moto sana, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto mkononi. Kutoka hapo huingia katika kondensa, yaani mabomba yaliyo nje. Hapo huliacha joto lake hewani, ukageuka kioevu. Kioevu hicho hupenya tundu jembamba. Kikitokea upande wa pili mkandamizo umekwisha kupungua ghafula, nacho hupoa mara moja. Ndipo kinapofika kwenye mabomba ya ndani, ambayo mafundi huyaita evapoeta, na huko huchemka kwa kula joto la vyakula. Mvuke hurudi kwa kompresa, na safari huanza tena. Mashine ya kupozea vyumba vya ofisi pale Dar es Salaam ni hiyo hiyo. Simama karibu na sanduku lililo nje ya dirisha, utapigwa na upepo wa moto.

Kwa hiyo aliyelisukuma jokofu lake hadi ukutani, au akatundika nguo nyuma yake, amemfungia mchukuzi mlango wa kutulia mzigo.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Parachichi lililochumwa bado ni hai: hupumua, na kwa kupumua hutoa joto. Lililochumwa saa sita mchana lina joto la jua pia ndani yake. Na hapa ndipo watu wengi hukosea: kontena la baridi halikuundwa kupoza tunda lenye moto, bali kulitunza tunda lililokwisha kupozwa. Kupoza ni kazi ya chumba cha baridi, kabla ya kupakia, hata nyama ya tunda ifike karibu na digrii 5 (si chini sana ya hapo, maana litaharibika na kuwa jeusi ndani). Kreti za mzee zilikaa juani, zikapakiwa na moto wake, milango ikafungwa. Kisha lori likashuka Kitonga mpaka Ruaha Mbuyuni, ambako hewa yenyewe ni moto, na kondensa haiwezi kutua joto lake kwa urahisi katika hewa ya moto. Safari hadi bandarini ni zaidi ya kilomita 600, na bahari bado.

Wala umbali peke yake si kisingizio. Mwaka 1882 meli ya matanga iitwayo Dunedin ilichukua nyama iliyogandishwa kutoka New Zealand hadi London, siku 98, ikivuka Ikweta, na nyama ikafika nzima. Waliigandisha kwanza.

Tulimweleza mzee hayo yote, naye hakuridhika upesi. Msimu uliofuata alichuma asubuhi, umande ulipokauka tu, akaweka kreti kivulini chini ya turubai, tena akakataa kupakia mpaka aone kipimajoto kikichomwa ndani ya tunda. Siku ya kupakia tulifuatana naye Makambako. Alizunguka hadi kwenye mashine ya kontena, akaweka mkono mbele ya upepo uliokuwa ukitoka, akaurudisha haraka.

"Kumbe!" akasema. "Hili ndilo joto la maparachichi yangu."