Maji Yakiingia Chomboni Safarini

Leo tunasema na ninyi mnaosafiri kwa mitumbwi ya mbao yenye moteri hapa Kalemie.

Mtumbwi uliokuwa mkavu ufukweni unaweza kuvuja safarini. Magunia yanaushusha, maungio ya mbao yaliyokuwa juu sasa yamezama. Mawimbi nayo, hasa wakati wa pepo za kusini za kiangazi, yanazipinda mbao mpaka kalafati inayoziba maungio inalegea.

Maji hukusanyika nyuma, lakini huenda yameingilia mbele. Msidanganyike! Punguzeni mwendo. Mmoja achote bila kukoma, mwingine asogeze mizigo kidogo kidogo, afute mbao kwa kitambaa, kisha anyunyize majivu juu ya maungio, akianzia mbele. Majivu yatalowa kwanza pale penye tundu. Baharini mabaharia huonja maji wajue kama ni ya mvua au ya nje. Lakini Ziwa Tanganyika ni maji baridi, ulimi hautasaidia. Na kama kuvuja kunapungua moteri ikizimwa, chunguzeni pale inapofungwa.

Tundu likionekana, sukumieni kitambaa kilichopakwa mafuta mazito, mkishikize kwa kipande cha ubao.

Maji yakiwashinda wachotaji, magunia yatupwe. Nahodha, nakuomba sana, usisubiri ruhusa ya mwenye mali. Ziwa hili lina kina kinachofikia karibu mita 1,470. Elekeza chombo kwenye ufukwe wowote ulio karibu. Jaketi za kuokolea zivaliwe tangu mnapoondoka, mkianza na watoto.