Filamu Ambayo Haikupigwa: Serengeti, Kamera na Sotoka



Katika kongamano moja la hivi karibuni, mwenzangu ninayemheshimu alisema kwamba kama si filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, leo tusingekuwa na Serengeti. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Muda wa maswali ulikuwa umekwisha, kwa hiyo jibu langu nimelileta hapa.

Historia ya filamu za Serengeti mnaijua, nitaipitia mbiombio. Baba na mwana waliruka juu ya mbuga kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakihesabu wanyama. Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tai, Michael akafariki, akazikwa ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro. Filamu ilitoka mwaka huohuo, na 1960 ikapata Tuzo ya Oscar. Wakafuata wapiga filamu Alan Root na Hugo van Lawick na kambi yake ya Ndutu, kisha BBC mwaka 2019, na filamu ya Royal Tour ya Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2022.

Sasa tulipime dai lenyewe. Akina Grzimek walitaka kuizuia serikali ya kikoloni isiigawe hifadhi. Hifadhi iligawanywa. Makubaliano ya kuwahamisha Wamasai yalitiwa saini 1958, na mwaka uliofuata Ngorongoro ikatengwa na Serengeti. Filamu ilipofika katika majumba ya sinema ya Ujerumani, uamuzi ulikuwa umeshapita.

Na ile hesabu? Walihesabu nyumbu 99,481. Sensa ya 1961 ilipata zaidi ya 220,000. Nyumbu jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka, na wengi wa ndama hao huliwa. Kundi haliwezi kuongezeka zaidi ya mara mbili kwa muda mfupi kiasi hicho. Ni wazi kwamba hesabu ya kwanza iliwaacha wengi. Kazi ile ilikuwa ngumu, na ilifanywa kwa ujasiri uliomgharimu mtu maisha yake. Hata hivyo, hofu ya kutoweka kwa wanyama iliyotangazwa duniani kote ilijengwa juu ya tarakimu pungufu.

Lakini hoja yangu kubwa ni hii. Kufikia 1977 nyumbu walikuwa wamepita milioni 1.3. Nyati nao waliongezeka sana. Pundamilia, wanaokula katika mbuga ileile, wanaowindwa na simba walewale, wanaolindwa na askari walewale, walibaki takriban 200,000. Nawaomba wanaoamini kwamba Serengeti iliokolewa na kamera wanieleze: kamera iliwapendelea nyumbu na nyati ikawabagua pundamilia kwa sababu gani?

Sababu ni ugonjwa wa sotoka. Nyumbu na nyati wanacheua, na virusi vya sotoka viliwaua wanyama wa jamii hiyo kama vilivyoua ng'ombe. Pundamilia hacheui; sotoka haikumgusa. Ndama wa nyumbu, kinga ya maziwa ya mama ikiisha, walikuwa wakifa kabla ya kutimiza mwaka. Mapema miaka ya 1960 vifo hivyo vilikoma, kwa kuwa ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi walikuwa wamechanjwa. Watafiti, Anthony Sinclair akiwa mbele yao, wameyaeleza haya kwa miongo kadhaa. Wapo wanaotaja mvua nzuri za kiangazi za miaka ya 1970, na ni kweli zilisaidia. Ila mvua ilimnyeshea pundamilia pia.

Mniwie radhi nikae kidogo na kitabu ninachokirudia kila mwaka, cha Oscar Baumann, mpelelezi Mwaustria aliyepita Ngorongoro Machi 1892, muda mfupi baada ya sotoka kufika. Baumann alitumwa kutafuta njia na rasilimali kwa faida ya Wajerumani, hakuja kumwonea mtu huruma. Ndiyo maana ushuhuda wake una uzito. Anaeleza wanawake waliobaki mifupa, watoto waliodhoofika hadi kupoteza umbo la kibinadamu, na morani wasioweza kusimama, wanaotambaa. Ng'ombe walikuwa wamekwisha, na watu walikuwa wakifuata. Ukikifunga kitabu hicho kisha ukatazama filamu yoyote inayotuambia kwamba nyika ile tangu mwanzo haikuwa na mtu, utaona kinachokosekana. Grzimek alishikilia kwamba ndani ya hifadhi asiishi mtu, hata mwenyeji. Nyika aliyoiona kutoka angani ilikuwa na jeraha la miaka sitini na kitu, naye akaliita asili.

Mjomba wangu alikuwa msaidizi wa bwana mifugo upande wa Musoma. Nilipokuwa mdogo alinisimulia jinsi walivyokuwa wakifika zizini kabla ya jua, wazee wakibishana kama sindano itaharibu mimba za ng'ombe, vijana wakiwashika madume pembe, na yeye akichoma mpaka mkono unakufa ganzi. Hakuwahi kuambiwa kwamba alikuwa akimchanja nyumbu. Chanjo bora zaidi, ya mwanasayansi Walter Plowright, ilitengenezwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi. Nyumbu walipoongezeka, majani yalipungua, moto ukapungua, na miche ya miti ikapata nafasi ya kukua. Sehemu ya ile miti inayopendezesha machweo kwenye filamu imetokana na sindano zile.

Nakiri kwamba filamu ya Grzimek ilileta fedha na watalii, na Shirika la Wanyama la Frankfurt linafanya kazi Serengeti hadi leo. Hayo ni mema ya kweli. Hayanibadilishi. Tukio kubwa kuliko yote katika historia ya Serengeti kwa karne iliyopita lilitokea nje ya mpaka, zizini, mikononi mwa wafugaji na mabwana mifugo, na filamu mashuhuri za hifadhi ile hazikulitazama.

Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Baadhi ya waliokamata sindano wangali hai. Nawaomba wanafunzi wa filamu waliomo humu wachukue kamera waende Bunda, Tarime, Mugumu na Loliondo, wawaketishe wazee hao, na waanze kurekodi mwaka huu.