WAPIMA BOMBA WAKIJA, WAPANGAJI TUHESABIWE!

Ahsanteni kwa kuacha drafti na kahawa mkaja kunisikiliza. Leo siombi kura. Nataka tuzungumze juu ya watu wenye kofia ngumu, chombo cha miguu mitatu, vigingi na kopo la rangi nyekundu.

Ukiwaona mtaani, la kwanza kukujia kichwani ni bomoabomoa. Sikulaumu! Hapa Dar es Salaam alama ya X imelaza wengi nje. Lakini upimaji wa bomba kuu la maji ni kazi ya awali, kabla koleo halijagusa ardhi. Yule wa miguu mitatu anasoma mwinuko. Maji hayapandi kwa hotuba, bwana. Kila mita 10 za kilima zinakula presha ya bar 1. Ndiyo maana bondeni yanatoka, na kwenu juu bomba linapiga mluzi. Mwenzake anachimba vishimo kutafuta mabomba ya zamani yamelala wapi. Vigingi vyao usiving'oe, utawarudisha mwanzo.

Wa tatu ndiye wa kumwangalia sana. Huyu anagonga mlango na kuuliza: mnaishi wangapi?

Hapo ndipo walalahoi tunapoliwa. Anafika saa nne asubuhi, wewe uko Kariakoo au uko barabarani na bodaboda. Anayefungua ni mwenye nyumba, na akisikia habari za wapangaji anawaza kodi ya serikali. Anajibu, "Tuko watano." Nyumba ina vyumba sita vya kupanga, kila kimoja vijana watatu. Watu 18 wamefutwa kwa neno moja!

Sasa piga hesabu. Shirika la Afya Duniani linataja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku. Chukua hizo 50: watu watano ni lita 250, watu 23 ni lita 1,150. Zidisha kwa mtaa mzima. Mhandisi atachora bomba la nchi 4 palipotakiwa nchi 8, na mdomo wa nchi 8 si mara mbili ya ule wa nchi 4, ni mara nne. Likifukiwa limefukiwa. Wewe utaendelea kununua madumu ya mkokoteni mpaka upate wajukuu.

Sensa ya 2012 ilikuta mkoa huu una watu 4,364,541. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Hao milioni moja walioongezeka, wangapi wana hati ya nyumba?

Na nani anawazungusha wapimaji? Mkimwona ni mjumbe wa nyumba kumi, ulizeni. Vyama vingi vilirudi 1992, na mjumbe yule ni kiongozi wa CCM, si wa serikali. Anajua mlango upi una bendera yetu. Wapimaji waje na mtu wa ofisi ya serikali ya mtaa, wakiwa na barua na vitambulisho. Atakayetaka "ya soda" ili akuandike, chukua jina lake. Atakayechora X ukutani, mwambie alete maandishi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka.

Najua mmechoka na ahadi. City Water walipewa mji huu 2003, Mei 2005 serikali ikavunja mkataba. Mwishoni mwa 2022 Ruvu ikapungua, maji yakaja kwa zamu. Kwa hiyo waulizeni pia: bomba likiwa pana, maji ya kulijaza yatatoka wapi? Wajibu hadharani, kwenye mkutano wa mtaa.

Kazi yenu ni Jumamosi hii. Wawili wawili, piteni nyumba kwa nyumba jioni, watu wakiwa wamerudi. Andikeni idadi ya vyumba, idadi ya watu, na siku ambazo maji yanatoka. Majina ya vyama msiulize kabisa. Mwana-CCM naye ana kiu. Orodha mfanye nakala mbili: moja muiache ofisi ya mtaa, ya pili ipigwe mhuri wa kupokelewa, mbaki nayo.