Umri Ulioandikwa Kituoni



Ndugu zangu, dada zangu, najua baada ya Asr kila mtu ana haraka, na wengine wenu mnatafuta matatu ya Kathiani na Mwala kabla giza halijaingia. Sitawaweka sana. Nina jambo moja tu leo, nalo ni ile nafasi ndogo kwenye karatasi ya polisi panapoandikwa umri.

Nianze na niliyoyaona kwa macho yangu. Katikati ya mwaka 2024 nilikuwa kortini, korti gani sitaji, kwa kesi ya binamu yangu na bodaboda yake. Kesi ikaahirishwa, kama kawaida. Bado nimekaa kwenye benchi, wakaingizwa vijana kumi na wawili wamefungwa pingu wawili wawili. Waethiopia. Walikutwa kwenye nyumba moja kando ya barabara ya Mombasa, wamefungiwa ndani na watu wa magendo wakingoja gari la kuwavusha Tanzania, na kutoka huko waendelee hadi Afrika Kusini. Mnaoishi upande wa Mlolongo na Athi River, habari hizi si ngeni kwenu.

Shtaka ni kuwepo nchini kinyume cha sheria. Mkalimani alikuwa mmoja wao, mwenye Kiswahili cha kuokoteza. Shtaka linasomwa, yeye anasema maneno matatu manne kwa lugha yao, halafu mshtakiwa anajibu kwa maneno mawili ya Kiswahili, nadhani walifundishana usiku ule seli: "Ni kweli." Karani anaandika. Ni kweli. Wa pili, ni kweli. Wa tatu, ni kweli. Alipofika wa tisa ndipo nikaangalia vizuri. Kijana mrefu kama nguzo ya stima, lakini uso ni wa mtoto kabisa.

Mama yangu ni Mborana wa Moyale, na Kiborana ni Kioromo hicho hicho, tofauti ni ndogo. Nikainua mkono, hakimu akanikubalia nitafsiri. Nikamuuliza yule kijana alizaliwa mwaka gani. Akasema, 2001. Askari akadakia: "Mheshimiwa, hivyo ndivyo alivyotuambia kituoni. Ana miaka ishirini na mitatu."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye mambo. Ethiopia wana kalenda yao. Saa zao ni kama zetu, jua likichomoza ni saa kumi na mbili, kisha saa moja, wanahesabu kama Mswahili yeyote. Lakini mwaka wao uko nyuma ya huu wa ofisini kwa miaka saba au minane. Mwaka wao wa 2001 ulianza Septemba 2008 ukaisha Septemba 2009. Yule kijana alisema kweli tupu. Alikuwa hajatimiza miaka kumi na sita. Na kwenye hati ya mashtaka, kwenye nafasi ya umri, hapakuwa hata na namba. Paliandikwa tu: mtu mzima.

Yule askari alitoa simu, akaangalia mwenyewe, akasema, "Hii sikuwa najua." Namuamini. Hakuwa na ubaya naye. Alimuuliza mtoto swali moja, akapata jibu moja, akatoa hesabu, basi.

Hakimu akaamuru apelekwe hospitali kupimwa umri. Wanaangalia meno, wanapiga picha ya mifupa ya kifundo cha mkono. Kipimo hicho hakitoi tarehe ya kuzaliwa, kinakisia, na kukosea mwaka mmoja au miwili si ajabu. Daktari akaandika chini ya miaka kumi na nane. Lakini siku tisa zilipita mpaka karatasi ikarudi, na siku zote tisa mtoto alilala seli moja na watu wazima, ndoo moja ya haja iko pembeni. Ndipo afisa wa watoto akaja, akahamishwa.

Wale wanane waliomtangulia sikuwauliza. Walikuwa wameshasema ni kweli. Mmoja wao sauti yake ilikuwa bado haijavunjika. Niliisikia sauti ile, nikakaa kimya, kwa sababu nilikuwa nawaza bodaboda ya binamu. Hilo ninalo mpaka leo.

Mtaniuliza, kwani sheria inasemaje? Sheria yetu ni nzuri, na ndiyo maana inauma. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto asizuiliwe ila njia nyingine zote zikishindikana, na akizuiliwa iwe kwa muda mfupi kabisa, na atengwe na watu wazima. Na haisemi mtoto wa Kenya. Inasema kila mtoto. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, ila tu zikiishia nje ya saa za korti au siku isiyo ya kazi. Kifungu cha 50 kinampa mkalimani bila malipo. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa anayekimbia hatari siku 30 za kwenda kujiandikisha. Tuna Sheria ya Watoto mpya ya 2022. Na mwaka 2017 kamati za Umoja wa Mataifa za haki za watoto na za wafanyakazi wahamiaji zilisema kwa pamoja kwamba kumfunga mtoto kwa sababu ya karatasi zake au za wazazi wake hakuwezi kamwe kuwa kwa faida yake.

Yote hayo ni milango, na ufunguo wake ni umri. Ukishaandikwa mtu mzima, kifungu cha 53 hakikujui tena. Unasomewa sheria ya uhamiaji: faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Mtoto wa mkulima wa Arsi atatoa wapi pesa hiyo? Kwa hiyo anaingia jela. Akimaliza kifungo anatakiwa arudishwe kwao, na kutoka hapa Masaku hadi Moyale ni zaidi ya kilomita 800. Pawe na gari, pawe na mafuta, pawe na askari wa kumsindikiza. Kimoja kikikosekana, anaendelea kukaa ndani na kifungo chake kimekwisha.

Kaka mmoja aliniambia wiki iliyopita: "Ustadhi, wengi wa hawa si Waislamu, na sisi tuna watu wetu wa kuhangaikia." Ni kweli wapo wengi ambao ni Wakristo, hasa wanaotoka upande wa Hosaena. Lakini mimi nilimuuliza yeye, wewe una miaka mingapi? Ishirini. Basi Aprili 2014 ulikuwa mdogo, muulize kaka yako. Operesheni ya Usalama Watch, Eastleigh. Karibu watu 4,000 walizolewa kwa siku chache, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Watoto wengine walichukuliwa na mama zao, wengine waliachwa nyumbani peke yao, wazazi wamebebwa. Mamia ya watu walipandishwa ndege hadi Mogadishu. Na kabla ya hapo, Januari na Februari 2007, watu waliokimbia vita vya Somalia walikamatwa mpakani, wakawekwa vituo vya polisi Nairobi, wakasafirishwa usiku kurudishwa Somalia, wengine wakaishia jela za Ethiopia. Kina mama na watoto walikuwemo. Mawakili na Muslim Human Rights Forum walikwenda Mahakama Kuu kudai waletwe mbele ya jaji, wakati wengine wao tayari wako hewani. Majina yalikuja kujulikana kwenye orodha za abiria.

Wakati ule tulilia kwamba hakuna aliyewasikiliza watu wetu. Na kilio hicho hatuwezi kukiweka kabatini tukikitoa zamu yetu ikifika tu. Halafu, kwa Mwislamu, Habasha ni nchi gani? Masahaba walikimbilia huko bila karatasi, Maquraishi wakatuma wajumbe na zawadi ili warudishwe. Najashi akasema kwanza niwasikilize. Na alikuwepo Ja'far wa kuwasemea.

Sasa kazi. Mkienda kituoni au kortini, nendeni kwa adabu. Ukigombana na askari wa zamu, anayelipia ni mtoto aliye ndani. Muulize mtoto mwaka aliozaliwa, halafu muulize ni kwa kalenda gani. Kama hajui mwaka, muulize aliacha shule darasa la ngapi, anayemfuata kwao ana miaka mingapi. Omba umri uandikwe kwa namba, lisiandikwe neno. Ukiona ni mtoto, piga 116, ni bure, na umtafute afisa wa watoto siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Picha, tafadhali, hapana. Najua mna simu nzuri. Uso wa mtoto aliyefungwa pingu si wa kuweka status, na sheria inamlinda asianikwe. Na mjihadhari na "mjomba". Huwa anatokea mjomba mwenye Kiswahili safi na pesa ya dhamana mkononi, kumbe ni yule yule aliyewafungia kwenye nyumba. Anayetaka kumchukua mtoto, apitie kwa afisa wa watoto. Wewe pia usimchukue ukamlaze kwako, hata kwa huruma, utajikuta umeshtakiwa pamoja naye.

Kuhusu pesa, zakaa ina masharti yake, nimewaachia masheikh watuelekeze kuhusu fungu la msafiri aliyekwama. Sadaka haina tatizo. Nauli ya mkalimani kutoka Eastleigh, blanketi, chai na mkate. Vitu vidogo.

Jumatatu saa tatu asubuhi kuna vijana sita wanasomewa mashtaka. Nataka wawili wanaojua Kioromo na mmoja wa Kiamhari. Daftari liko mlangoni, pale kwenye viatu. Andika jina, namba ya simu, na lugha unayoijua.