Mtazamaji Anapochomwa na Neno la Jukwaani



Mtu aliyenunua tikiti ili atazame mchezo au asikilize muziki hakuja kuhutubiwa. Mwenye jukwaa ameshika kipaza sauti na taa zinamwangazia yeye. Aliye kitini gizani hana pa kujibia. Basi neno la siasa likitamkwa hapo, na likamchoma, afanyeje?

Novemba 18, 2016, Mike Pence, wakati huo Makamu wa Rais mteule wa Marekani, alikwenda kutazama mchezo wa Hamilton mjini New York. Alipoingia, wengine walimshangilia na wengine wakamzomea. Mchezo ulipokwisha, mwigizaji Brandon Victor Dixon aliwakanya wazomeaji, akamshukuru mgeni kwa kuja, kisha akasoma risala fupi: kwamba wapo Wamarekani wa kila asili wanaohofu kuwa serikali mpya haitawalinda. Yafaa ieleweke kwamba pazia lilikuwa limekwisha kushuka. Hakuna aliyepunjwa alichokilipia. Kesho yake Donald Trump, Rais mteule, aliwataka waigizaji waombe radhi. Pence mwenyewe, aliyeisikia risala akiwa njiani kutoka, alisema Novemba 20 kwamba hakuudhika, na kwamba mchezo ulimpendeza. Aliyeambiwa alikuwa mpole kuliko aliyesimuliwa, jambo lisilo geni duniani.

Mwaka 2003 mambo hayakuwa hivyo. Machi 10, mjini London, Natalie Maines wa kundi la Dixie Chicks alisema jukwaani kwamba waliona haya kuwa Rais George W. Bush anatoka Texas, jimbo lao. Vita vya Iraq vilikuwa mlangoni. Vituo vingi vya redio viliacha kupiga nyimbo zao, na huko Louisiana santuri zao zikapondwa kwa trekta. Mshabiki asiyetaka tena kununua santuri ana haki yake. Bush mwenyewe alisema hivyo. Hata anayeinuka na kutoka katikati ya wimbo hajamkosea mtu, mradi asimkanyage jirani. Lakini redio inapomnyima wimbo hata msikilizaji asiyeudhika, hasira ya baadhi imekwisha kugeuzwa amri kwa wote. Na wapo waliovuka hapo: Maines alitishiwa kupigwa risasi katika onyesho la Dallas, Julai 6. Usiku ule aliimba, akilindwa na polisi.