Wakili wa Kuazimwa: Akiondoka, Anatuachia Nini?



Vijana wenzangu, ndugu na dada zangu. Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao chetu cha vijana baada ya Isha. Wengi mliokosa mliomba tuyaweke hapa. Nimeyaacha vile nilivyoyasema, kwa hivyo mkikuta Kiswahili cha mdomo, nisameheni.

Nianze na mama mmoja. Jina lake silitaji. Asubuhi moja alisimama kortini peke yake, mkono mmoja ameshika mkoba, mwingine ameshika pindo la buibui asijikwae. Hakimu akauliza mshtakiwa anawakilishwa na nani. Mwanawe yuko kizimbani, anamwangalia mamake. Mamake anaangalia mlango. Wakili waliyemzoea miezi yote ile haingii. Mwishowe akasema, "Mheshimiwa, wakili wetu alikuwa wa kuazimwa. Amerudishwa."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma na sikucheka, manake kosa lilikuwa letu. Ombi la kupunguziwa dhamana lilikuwa lisikizwe siku hiyo. Likaahirishwa. Kijana akarudi rumande wiki tatu zaidi. Sheria haikumkataa. Ni sisi ambao hakuna hata mmoja aliyejua faili lake limefika wapi.

Nataka leo tuzungumze habari ya mawakili hawa wa kuazimwa, wao wanaonaje kazi hii, na sisi tunawapokeaje.

Kuazimwa ni hivi. Wakili ameajiriwa na ofisi ya mawakili mjini. Ofisi inakubali kumtoa miezi mitatu, sita, au mwaka, aje afanye kazi na shirika jingine. Mara nyingi mshahara wake unaendelea kulipwa kule alikotoka, na siku zikiisha anarudi kwenye meza yake. Ofisi inapata wakili aliyekomaa. Shirika kama letu, lisiloweza kumlipa wakili bei ya mjini, linapata mtu wa kusimama kortini. Wakati mwingine mambo huenda upande wa pili, shirika dogo linamtoa wakili wake akajifunze kwenye shirika kubwa.

Wazee wana msemo: nguo ya kuazima haisitiri... malizieni wenyewe, hapa kuna watu wazima. Huo msemo nimeukumbuka sana tangu siku ile ya kortini.

Wakili wa kwanza tuliyeletewa alikuwa mtu wa hati za nyumba na bima. Alikuja na viatu vinavyong'aa, na siku ya tatu vilikuwa vumbi tupu. Aliniambia, "Kule kwangu mteja anaingia na faili. Kwenu anaingia na kifurushi kwenye leso." Ndivyo ilivyokuwa. Mzee mmoja alifungua leso mezani: kadi ya kliniki, cheti cha shule ya msingi, na kitambulisho cha marehemu babu kilichofutika maandishi. Mjukuu alikuwa amenyimwa kitambulisho mwaka mzima. Kila akienda anaambiwa njoo wiki ijayo, leta karatasi nyingine.

Wakili hakupiga kelele. Alikaa chini, akaandika barua ya ukurasa mmoja. Kifungu cha 12 cha Katiba kinasema raia ana haki ya kupata stakabadhi za usajili. Kifungu cha 47 kinasema uamuzi wa afisa ukigusa haki yako, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Barua iliomba kitu kimoja tu: kama mnamkataa, tuandikieni kwa nini. Afisa aliyekuwa akisema njoo wiki ijayo, aliposhikishwa ile karatasi na kutakiwa aigonge muhuri kuwa ameipokea, alianza kulitafuta faili siku hiyo hiyo.

Wakili akaniambia, "Ofisini kwetu barua kama hii naandika kumi kwa siku, wala sijali. Hapa nimeiona ikimtoa mtu machozi." Hilo lilimbadilisha yeye. Lakini jiulizeni: barua ile ilihitaji wakili? Mimi nina diploma tu, na ningeweza kuiandika. Sikujua kama naweza.

Halafu kukaja simu ya Ijumaa. Nyinyi mnazijua hizi simu. Vijana wameshikwa Ijumaa alasiri, na watu mtaani wanasema, "Masaa 24 yakiisha lazima waachiliwe." Wakili akatukalisha akatufunza. Kifungu cha 49 kinasema ni lazima ufikishwe kortini haraka iwezekanavyo, na isizidi masaa 24. Lakini masaa hayo yakiishia nje ya saa za korti, au siku isiyokuwa ya korti, mwisho unasogea hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Kwa hivyo anayeshikwa Ijumaa alasiri anaweza kukaa selo hadi Jumatatu na polisi wakasema wako ndani ya sheria. Ndiyo maana kazi ya Ijumaa usiku si kusubiri saa. Ni kwenda kituoni, kuuliza ameandikwa kwenye OB kwa kosa gani, kuomba bondi ya polisi, ambayo hailipiwi hata senti, na kudai aongee na wakili, jambo ambalo ni haki yake.

Alienda nasi saa nne usiku. Nilimwona mikono ikimtetemeka kwenye kaunta. Mtu mzima, wakili, anatetemeka. Akaniambia baadaye kwamba miaka yake yote ya kazi hajawahi kuingia kituo cha polisi usiku. Sisi tulidhani wakili haogopi. Anaogopa kama wewe. Tofauti ni kwamba anajua cha kusema akiwa anaogopa.

Wa pili ni dada yetu, wakili wa hapa hapa, aliyeazimwa kwenda shirika kubwa Nairobi. Alienda akitaka kujifunza kesi za wafanyakazi. Wiki za kwanza kila aliyepita mezani pake alimuuliza mambo ya talaka na mirathi, kana kwamba hijabu ni kibao cha ofisi ya Kadhi. "Nilikuwa nacheka nao mchana," alisema, "usiku nauma mto." Hakususa. Alimwendea mkubwa wake, akamwambia waziwazi amekuja kwa kazi gani, na akapewa kesi zake.

Lakini hakurudi na malalamiko. Alirudi na daftari. Kule aliona kila simu inaandikwa: nani kapiga, saa ngapi, kaambiwa nini, nani anafuata na lini. Kila kesi ina watu wawili wanaoijua. Sisi hapa tulikuwa tunaweka kesi kwenye vichwa na kwenye WhatsApp. Simu ikiibiwa, kesi imeibiwa. Alipofungua lile daftari mbele yetu baadhi walinung'unika eti ametuletea urasimu wa Nairobi. Wallahi, lingekuwepo mapema, yule mama asingesimama peke yake.

Sasa turudi kwa yule mama. Wakili wa kesi ya mwanawe alikuwa mtu mwema na mchapakazi. Kwa miezi sita alibeba kila kitu: kituo cha polisi yeye, korti yeye, familia zikilia usiku simu yake ndiyo inayolia. Sisi kazi yetu ilikuwa kupiga naye picha nje ya korti na kuziweka hapa ukurasani. Siku zake zilipoisha tulimfanyia karamu ya biriani, tukampa kikoi, tukamwombea dua. Hakuna aliyemuuliza: mafaili yako wapi? Ombi la dhamana limeandikwa hadi wapi? Tarehe ijayo nani ataenda?

Nilimpigia baadaye. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nilingoja mniulize. Tena nilikuwa nimechoka, ndugu yangu. Nilikuwa nimefika mahali nasikia simu naogopa." Hapo ndipo nilipojua hatukumpoteza siku aliyoondoka. Tulikuwa tumempoteza kabla.

Tuliosoma fiqhi madrasa tunakumbuka mlango wa ariya, kitu cha kuazima. Mwenye kuazima anakitumia kwa wema na kukirudisha salama. Sisi sufuria ya jirani tunaisugua kabla ya kuirudisha, lakini wakili tulimrudisha amechakaa, na tulichojifunza kwake hakikujaa kikombe. Kwa mama yule na mwanawe tumeshaomba msamaha uso kwa uso. Kijana ametoka kwa dhamana, alhamdulillah, na kesi inaendelea. Zile wiki tatu hakuna wa kumrudishia.

Kwa hivyo tumekubaliana haya, na nyinyi tushikilieni.

Kwanza, siku ya kwanza ndiyo siku ya kupanga kuondoka. Kabla wakili hajakaa, tunaandika: yuko hapa hadi lini, anaripoti kwa nani, kesi zake atamkabidhi nani, na mwezi wa mwisho hapewi kesi mpya.

Pili, kila kesi ina kijana wa kukaa nayo. Yeye si wakili na hajifanyi wakili. Ni msaidizi anayejua tarehe, anayemjua mama, anayejua faili liko kabati gani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria waliopata mafunzo na kuidhinishwa. Hiyo ni njia iliyo wazi kwako hata kama hukufika chuo kikuu.

Tatu, tuheshimu mipaka ya mgeni wetu. Wakili mmoja alitwambia siku ya kwanza: kuna kesi yenu ya ardhi siwezi kuigusa, upande wa pili ni mteja wa ofisi yangu. Vijana wakamwita msaliti. Msaliti angekuwa yule anayenyamaza, akalisoma faili, kisha akarudi nalo kichwani. Huyu alitulinda sisi na akalinda amana ya kwao. Faili lile tulilifungia, na hakuliona hata siku moja.

Nne, tusimzike kwenye kesi za usiku peke yake. Simu ya usiku iwe ya zamu. Na tumuulize hali, si ya kesi tu, bali yake yeye.

Na kuna jambo nataka mlibebe nyumbani. Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini haki ikivunjwa, kwa niaba yake au ya mwingine asiyeweza. Kanuni za mwaka 2013, zile watu huziita Kanuni za Mutunga, zinairuhusu korti kupokea hata barua ya kawaida, au maneno ya mdomo, ikiwa yanaonyesha haki imenyimwa. Sisemi muache kutafuta mawakili. Kesi nzito inataka wakili. Nasema mlango haukufungwa mpaka afike.

Mnakijua kisa cha Hilf al-Fudul. Mfanyabiashara mgeni kutoka Zabid, Yemen, aliuza bidhaa yake Makka kwa al-As bin Wa'il akanyimwa pesa zake. Hakuwa na kabila pale la kumtetea. Watu wa koo mbalimbali wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kusimama na aliyedhulumiwa, awe wa kwao au mgeni. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwepo akiwa kijana, kabla ya utume, na baadaye alisema lau angeitwa kwa mkataba kama ule katika Uislamu angeitika. Watu wale walijiazima kwa mtu asiye wao. Na kilichobaki baada yao si majina tu, ni ile ahadi.

Wewe unayesoma sheria chuoni, ukishaajiriwa muombe mkubwa wako akuazime kwetu. Wewe ambaye husomi sheria, njoo ukae na faili moja. Moja tu. Tarehe ijayo hakimu akiuliza nani yuko hapa kwa ajili ya kijana huyu, mama asiangalie mlango. Akugeukie wewe, ukiwa na daftari mkononi, pembeni ya wakili.

Allah atujaalie tuwe watu wa kutunza amana, awafariji walio rumande na familia zao, na awalipe kheri mawakili waliokuja kwetu wakiwa wageni wakaondoka wakiwa ndugu. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.